Uzi Nilioulamba

Kabla hujatunga uzi kwenye sindano, jiulize mdomo wako una kazi gani pale. Mnacheka? Chekeni. Hata mimi nilicheka miaka mingi kila nilipoambiwa, mpaka siku moja kicheko kikaniisha, nikabaki nimeshika sindano huku jasho linanitoka mchana kweupe.

Mimi ni Fundi Desideri. Wengi wenu mnanijua kwa kile kibaraza changu cha pale mjini Morogoro, hatua chache kutoka sokoni. Mwaka jana macho yalinigomea kabisa, nikamkabidhi binti yangu cherehani zote mbili. Tangu hapo kazi yangu ni kukaa kwenye benchi na kuwasumbua nyinyi vijana mnaokuja na simu zenu. "Babu, cheki hii picha, tunaikataje?" Naitazama, naona shati lenye zipu mgongoni. Nawaambia kateni mnavyotaka wanangu, aliyeibuni naye alikuwa anabahatisha.

Mimi mashati nilishona machache. Niliwashonea watu wa Mungu. Kanzu za masheikhe na za mabwana harusi, majoho ya kwaya, mavazi ya mapadri, sanda, kaniki za matambiko, na nguo za hekalu la Wahindi. Watu wa namna hiyo pindo lao halina mchezo. Bibi harusi ukimkosea atalia, atapoa, miaka miwili mbele anakuletea nguo ya mtoto. Ila mtu wa dini ukimkosea umegusa kitu alichopokea kwa watu waliokipokea kwa wengine, na wewe na mkasi wako umeingia katikati bila kubisha hodi.

Sasa kila mmoja wao ana namna yake ya kusema kwamba jambo hili ni sahihi na lile limepinda. Hapo ndipo nilipopata shida, na hapo ndipo ninapostaajabu mpaka leo.

Mimi nilibatizwa mchanga. Katekista wetu alikuwa mtu mwembamba mwenye fimbo nene, na alitufundisha Nasadiki. Ukikosea neno moja unarudi mwanzo, ukikosea la pili unarudi mwanzo na fimbo. Kwa hiyo nilikua najua kwamba dini iliyonyooka ni maneno yaliyonyooka. Useme sawasawa, uamini ulichokisema, yamekwisha. Nikaingia kwenye ushonaji na imani hiyo.

Wa kwanza kunitikisa alikuwa Padri Nektari. Huyu alikuwa Mhehe wa Iringa, mrefu, ndevu mpaka kifuani, padri wa Waorthodoksi. Alinijia na kitambaa cha zari kilichotumwa kwa basi, tukakifuata pamoja stendi ya Msamvu. Alitaka nimshonee lile vazi refu la shingoni wanalovaa mapadri wao. Alinielekeza misalaba inakaa wapi: miwili hapa, miwili hapa, miwili chini, na mmoja mdogo kabisa nyuma ya shingo, upande wa ndani.

Nikashona. Ule wa nyuma ya shingo nikauacha. Zari ilikuwa imebaki kidogo na nikawaza, shingoni na ndevu zote zile, nani ataona?

Padri akaja, akalitandaza vazi mezani. Hakutazama misalaba ya mbele hata kidogo. Alikwenda moja kwa moja pale shingoni, akapapasa kwa kidole gumba, akasimama.

"Fundi, mmoja hayupo."

"Padri, pale hauonekani na mtu."

"Hauonekani na mtu," akakubali. "Ila mimi kabla sijavaa naubusu. Sasa utanibusisha kitambaa kitupu?"

Nikaona aibu, nikamwomba radhi, nikamwomba na anieleze hiyo Orthodoksi maana yake nini hasa, maana jina nililijua tu kwa kulisoma kwenye kibao cha kanisa lao. Akacheka ndani ya ndevu. Akasema wengine hutafsiri imani iliyo sahihi, lakini wao huipenda zaidi ile maana ya kumtukuza Mungu kwa usahihi. "Ukija Jumapili utaona," akasema. Nilikwenda. Saa mbili na zaidi watu wamesimama, ubani unafuka, wanaimba nyimbo ambazo padri alisema zimeimbwa hivyohivyo tangu enzi ambazo hata mti mmoja wa sasa hapa Uluguru haukuwapo. Vikongwe wamesimama. Nami nilisimama, magoti yananiuma, machozi yananilengalenga na sijui kwa nini.

Nimeanza na padri, kumbe ilinipasa nianze na Maalim Kibwana, ndiye aliyenifundisha kazi. Mtanisamehe, kichwa cha mzee hakina mpangilio.

Maalim Kibwana alifundisha watoto Kurani asubuhi na mchana alishona kanzu. Nilikwenda kwake nikiwa kijana, Mkatoliki na rozari shingoni, na hakuna aliyeshangaa. Kwetu Waluguru nyumba moja ina Idi na ina Krismasi, na pilau ni lilelile. Alinifundisha kila kitu: kukata kwa pumzi moja, kupiga pasi ya mkaa bila kuacha jivu, kuweka karatasi nyeupe nyuma ya sindano ili tundu lionekane. Kulamba uzi alinikataza tangu siku ya kwanza. Alikuwa na kipande cha nta ya nyuki juani pale dirishani, unapitisha ncha ya uzi, unaikata mshazari, inaingia. "Mdomo ni wa kusema na kula," alikuwa akisema. Mimi nikawa natumia nta akiniangalia, akigeuka nalamba. Mazoea yana taabu, nyie.

Siku moja alipata msiba wa jirani, akaniachia nishone ile kanzu isiyo na mikono ya kwenye sanda ya mwanamke. Nilitaka aone nimekuwa fundi. Nikapiga cherehani mara mbili, nikarudisha mshono kila mwisho ili usifumuke, nikafunga mafundo. Alivyoiona alikaa kwanza.

"Desideri. Huyu mama anakwenda shamba?"

"Hapana, Maalim."

"Anakwenda kubeba kuni?"

"Hapana, Maalim."

Akafumua yote kwa mkono. Akavuta uzi kutoka kwenye ukingo wa kitambaa chenyewe, akashona mishono mirefu, milegevu, bila fundo hata moja. Akaniambia ndivyo yeye alivyofundishwa na waliomtangulia, marehemu asifungwefungwe. Halafu akatikisa kichwa. "Tena nilisikia ukiimba ulipokuwa unashona. Nia yako ilikuwa wapi? Kitendo bila nia ni jasho tu." Kwa hiyo kwa Maalim haikutosha mkono uende sawa, na moyo ulitakiwa uwe mahali pake.

Wakati huo mimi nikajiona sasa nimeelewa. Kumbe bado. Mjomba wangu, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo wetu, aliniita kijijini juu mlimani kwa ajili ya tambiko. Mvua zilikuwa zimekataa. Nilibeba kaniki mpya mgongoni, na kwa mapenzi yangu nilikuwa nimeipinda kingo zote nne, pindo jembamba, safi. Mjomba akaishika, akaigeuza, akanirudishia.

"Fumua, mpwa wangu."

"Kwa nini, mjomba?"

"Tuliikuta haipindwi."

"Lakini sababu yake?"

Akanitazama kwa huruma. "Walioniachia hawakuniambia sababu. Waliniambia isipindwe." Nikakaa chini kwenye ukungu, vidole vimekufa ganzi, nafumua pindo langu zuri, na wazee wote wanasubiri wala hakuna aliyeninung'unikia. Nilipomaliza ndipo wakaanza. Hata kama ungenipa shamba zima la Mgeta nisingethubutu kucheka.

Haya. Sasa nije kwa Mama Hemant, maana ndiye aliyenifanya niwaite hapa.

Mama Hemant alikuwa mjane wa Kihindi mwenye duka la viungo na mchele, chini duka, juu nyumba. Mwanawe ni mmoja tu, Hemant. Hemant alikuwa anatoka Dar es Salaam na gari dogo, akagongana na lori karibu na Mikese. Alikaa kitandani miezi na miezi. Madaktari waliona kutembea tena ni jambo la kubahatisha. Mama yake akaenda hekaluni, akaweka nadhiri mbele ya murti, ule mfano mtakatifu wa Mungu wao wanaouvisha nguo kama mtu. Aliahidi kwamba mwanawe akisimama kwa miguu yake, yeye atauvisha ule murti kwa hariri ambayo hajawahi kuivaa mtu wala kuichafua.

Na hariri hiyo aliitaja akiijua. Ilikuwa ya kijani, ina nyuzi za dhahabu, mumewe aliinunua Gujarati ili mkewe aje aivae siku ya harusi ya Hemant. Mume akafariki. Kitambaa kikalala kwenye kasha miaka yote, hakijawahi kugusa bega la mtu. Hicho ndicho alichoahidi.

Hemant akasimama. Kwanza na magongo mawili, baadaye na mkongojo mmoja. Mama Hemant akaja kibarazani kwangu kabla ya Diwali, amekumbatia kitambaa kwenye shuka jeupe.

"Fundi, utanishonea nguo ya Bhagwan?" Ndivyo wanavyomwita Mungu wao.

"Nitashona, mama. Niende nikapime kiuno cha sanamu lini?"

Lo! Aliziba mdomo wangu kwa macho tu. "Usiseme sanamu. Na humpimi wewe." Akatoa nyuzi nne za pamba alizokata kuhani wao, wanamwita Maharaji: uzi wa urefu, wa kiuno, wa kifua, wa bega. Nilikuwa sijawahi kushona kwa vipimo vya namna hiyo. Ilibidi nilale na zile nyuzi kichwani siku mbili kabla sijagusa mkasi.

Kisha akaniambia masharti. Nioge asubuhi kabla ya kushona. Nisile nyama wala mayai siku hizo. Sindano mpya, uzi mpya. Viatu nivue. Kitambaa kisianguke chini. "Na mate, fundi. Mate yasiguse kabisa. Kilichopita mdomoni mwa mtu hapewi Mungu. Kwetu hilo ni kubwa."

"Nimekuelewa, mama."

"Kama huwezi niambie. Sitakasirika."

"Naweza."

Mke wangu alinicheka, nakula maharage na mchicha siku tano, mwanamume wa Kiluguru nanusa nyama ya jirani. Lakini nilishona, wanangu. Sijawahi kushona namna ile. Sketi yake ilikuwa na mikunjo midogo midogo ukiifungua inakuwa duara kamili. Nilinunua hata kile kiwaya cha kutungia uzi ili mdomo wangu usipate kisingizio.

Mchana wa siku ya Diwali yenyewe nilikuwa nimebakiza pindo la chini, uzi wa dhahabu, kwa mkono. Nguo ilitakiwa asubuhi inayofuata, siku ya mwaka wao mpya, Bhagwan anapovishwa upya. Kile kiwaya kikakatika. Uzi wa dhahabu mnajua ulivyo, ncha inatawanyika. Pale pale akapita mtu barabarani, "Shikamoo fundi!" Nikainua kichwa, nikamwitikia "Marahaba, hamjambo huko?" na nikiwa naongea hivyo mkono ulikwenda wenyewe, ukautia uzi mdomoni, ukautoa, ukautunga, nikaendelea kushona.

Nilikuwa nimeshona kama shibiri moja ndipo ulimi uliponiambia. Nilionja ile ladha ya shaba ya uzi.

Yesu na Maria! Niliweka sindano chini. Nikatazama kulia, kushoto. Hakuna aliyeniona. Yule wa shikamoo ameshapinda kona. Binti yangu alikuwa ndani anapiga pasi, amenipa mgongo.

Nikawaza nifumue ile shibiri, nitie uzi mwingine, mshono utatoka uleule. Nani atajua? Tena nikajitetea kwa dini yangu. Mimi si Mhindi. Katekista alinifundisha kwamba kinachomtia mtu unajisi hakiingii kwa mate ya fundi. Ile nguo kwangu ilikuwa safi kama ilivyokuwa dakika moja kabla. Na nikitangaza namfanyia nini yule mama? Kitambaa hakipo kingine duniani. Nadhiri yenyewe ni ya roho ya mwanawe, na kwao nadhiri isiyotimizwa inatisha. Kunyamaza nikauona ni huruma.

Lakini sikuweza kushona. Nilifunga nguo kwenye shuka lake, nikapanda bajaji mpaka Mji Mpya kwa Maalim Kibwana. Alikuwa ameshazeeka, anasikia kwa sikio moja, amekaa ukumbini ametoka kuswali alasiri. Nikamwamkia, nikamsimulia yote. Nilitaka aniambie, "Dini yao haikuhusu, nenda kamalizie."

Akaniuliza, "Desideri, mtu yuko kwenye safu anaswali. Upepo ukamtoka. Kimya kimya. Imamu hakusikia, jirani hakusikia, hata harufu hamna. Anafanyaje?"

Nikaanza kucheka. "Maalim!"

"Nakuuliza. Anafanyaje?"

"Udhu umetenguka. Anatoka akatawadhe."

"Anatoka, safu nzima inamwona, na kila mtu anajua kilichomtoa. Kwa nini asibaki? Si hakuna aliyesikia?"

Kicheko kikanikauka. Nikamwambia lakini hayo ni ya Waislamu, na ile ni nguo ya murti, na mimi wala siamini mambo ya murti.

"Na mimi siamini," akasema Maalim. "Miaka yote umenishonea sanda, uliamini? Hukuamini. Lakini baada ya siku ile, kila ulipofunga fundo kwa kusahau uliniambia. Mama yule hakukuuliza unaamini nini. Alikuuliza unaweza au huwezi, ukasema naweza. Nenda kwenu, mimi nimechoka."

Basi hakunisindikiza hata mlangoni.

Asubuhi niliamka mapema, nikaoga kama siku zote zile, sijui kwa nini, maana kazi ilikuwa imeshaharibika. Ile milima ya Uluguru ilikuwa wazi, haina wingu hata moja. Nikapanda ngazi za Mama Hemant na furushi langu. Mlango ulipambwa maua na chokaa za rangi zimechorwa kizingitini. Mama mwenyewe amevaa sari nyeupe safi, na Hemant amesimama na mkongojo wake, amechana nywele, anatabasamu.

"Fundi, karibu! Heri ya mwaka mpya! Lete nione."

"Mama, nguo haifai."

Akafikiri ni mzaha. "Imebana?"

"Haijabana. Nimelamba uzi. Wa pindo la chini, kama shibiri moja. Mdomo ulikwenda wenyewe nikiitikia salamu. Nilijua nilipokuwa nimeshashona."

Hemant ndiye aliyeanza. "Aah, fundi! Sasa si ungenyamaza tu jamani?"

"Nyamaza wewe," mama yake akamwambia, hakugeuka hata kumtazama. Alikuwa ananitazama mimi. "Nani alikuona?"

"Hakuna."

"Binti yako?"

"Hakuona, mama."

Akakaa kwenye kiti, akalipokea furushi, akalifungua mapajani. Akaieneza ile sketi mpaka ikawa duara. Akapitisha kiganja juu ya mikunjo taratibu, mkunjo kwa mkunjo, akafika pale pindoni nilipoishia. Machozi yakaanza kudondoka, lakini aligeuza uso pembeni yasidondokee kitambaa. Kilichokuwa hakifai tena, bado alikilinda na machozi yake. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamwambia, "Mama, nitukane. Nipige hata kofi." Akaikunja nguo, akampa Hemant aibebe, akasema, "Twendeni wote."

Hekalu halikuwa mbali, tukaenda kwa mwendo wa Hemant. Tulivua viatu mlangoni. Ndani kulijaa watu, nguo mpya, kengele, harufu ya samli na maua. Mama akamwita Maharaji pembeni na kumweleza, kisha akaniambia nieleze mwenyewe, nikaeleza. Maharaji alikuwa mtu mpole. Aliniuliza kama nilikusudia, nikasema hapana. Akaishika ile nguo, akaisifu. Akasema kwa Kiswahili, ili nami nisikie, kwamba ana maji ya Ganga, mto wao mtakatifu, aliyoletewa, atainyunyizia, ataisomea, itakuwa safi, na Bhagwan atavaa.

Mungu wangu, nilivyoshusha pumzi! Hemant naye akashika mkono wa mama yake. "Umesikia, mama? Yamekwisha. Mpe avae."

Mama Hemant akaunganisha viganja, akamwinamia Maharaji kwa heshima zote. "Maharaji, wewe ukisema imetakata, imetakata. Sibishani na wewe. Lakini sikukuahidi wewe. Nilimwambia Yeye kwamba hakijavaliwa wala kuchafuliwa na mtu. Nikimvika hiki, nitakuwa nimesema nini?"

Nilimwona Maharaji anamtazama yule mjane kwa namna ambayo mimi nilimtazama Padri Nektari alipopapasa shingo ya vazi. Mwenye mamlaka ya kuruhusu ameruhusu, na mwenye kuruhusiwa amekataa, na hakuna hata mmoja aliyekosea. Nilikuwa nimefikiri kila dini ina unyoofu wake mmoja. Siku hiyo niliona ndani ya hekalu moja, watu wawili, mmoja anashika sheria ya rehema na mwingine anashika neno lake mwenyewe, na nilipowatazama wote wawili nywele zilinisimama.

Mama Hemant akaichukua nguo, akamrudishia Hemant kwapani. Akaenda mbele peke yake. Bhagwan alikuwa amevaa nguo za mwaka uliopita, zimefuliwa vizuri lakini rangi imechoka, katikati ya taa na maua yote yale. Mama Hemant akapiga magoti mbele, hana kitu mkononi. Akaanza kusema kwa Kigujarati, kwa sauti ya chini, bila kukatisha, wakati mwingine sauti inapanda inakuwa ya kusihi, anagusa sakafu kwa paji la uso, anainuka, anasihi tena.

Mimi nilisimama nyuma, miguu mitupu, karibu na nguzo. Niliogopa. Nilijua yule mwanamke amekuja kumwombea mwanawe, kwamba nadhiri haikutimia lakini Bhagwan asimwondolee miguu aliyompa. Nilijua ni mdomo wangu uliomfikisha pale. Kila alipoinua sauti nilihisi ananishitaki, na nilijisemea ana haki.

Nikashindwa kuvumilia. Nikamsogelea Hemant aliyeegemea mkongojo wake, nikamnong'oneza, "Kijana, mama anamwambiaje?"

Hemant alisikiliza kwanza.

"Anakutaja wewe," akasema. "Anasema usihesabiwe kosa. Anasema ulikuwa unaitikia salamu ya mtu."

"Na wewe?" nikamuuliza. "Anakuombeaje?"

"Mimi bado hajanifikia, fundi. Tangu tuingie ni wewe tu."